Intaneti ya antena juu ya nyumba hapa Bukavu: panda kwanza uangalie, mega zitakuja nyuma

Kabla hujatoa franga yoyote, panda kwanza juu ya nyumba yako. Kama huwezi kupanda tuma kijana, ao simama ku etaji, ku balkoni, pahali pa juu kabisa unapoweza kufika mu parseli, alafu angalia: ule mnara wa kampuni inayotaka kukuuzia intaneti, unauona kwa macho yako? Usiniambie "uko upande wa kule nyuma ya zile nyumba", hapana, unauona wenyewe, vyuma vyake, na zile antena nyeupe zilizofungwa pale juu? Kama unauona uko na bahati. Kama hauuoni usikate tamaa lakini ujue tangu leo kwamba shida zako nyingi zitatokea hapo.

Mimi kazi yangu ni kupanda juu ya nyumba za watu na kufunga antena, kuanzia Nguba mpaka Bagira, na karibu kila mteja anafungua na swali moja, "Fundi, nilipe mega ngapi?" Namjibu tuache mega, ile mbio ya intaneti, kwanza tuangalie njia, juu mega unaweza ongeza siku yoyote kwa kupiga simu tu, ila njia ya sinyali hewani hakuna butiki inayoiuza. Watu wanalipa abonema kubwa miezi na miezi wakati antena yao inaangalia ukuta wa jirani, na hiyo inaniuma kweli, franga hapa haziokotwi barabarani.

Hii intaneti inapita wapi mpaka ikufikie

Kampuni inapata intaneti yake kwa faiba, ile kabo ya vioo inayopitisha mwanga, ao kwa antena kubwa ya mviringo inayopokea kutoka mnara mwingine wa mbali. Inaipandisha ku pahali pa juu, mlima ao jengo refu. Pale juu wanafunga antena kadhaa, kila moja inamulika upande wake, mara nyingi digrii 90 ao 120, kama vile mtu amesimama na tochi tatu ao nne anaangazia mji mzima kwa kuugawa vipande. Wewe uko ndani ya kipande kimoja pamoja na majirani zako wengine.

Ku nyumba yako kunafungwa antena ndogo, ya sahani ao ya bapa kama kitabu. Inafanana kidogo na ya televisheni lakini kazi yake ni nyingine, maana ya televisheni inapokea tu, hii inapokea na kutuma, ndani yake mna redio na kompyuta kidogo. Kutoka kwa antena inashuka kabo moja tu, na hiyo kabo moja inabeba vitu viwili, intaneti yenyewe na umeme wa kuendesha antena. Umeme unaingizwa mu kabo na kile kiboksi cheusi kinachokaa karibu na prizi, kina mashimo mawili, moja limeandikwa POE linaenda ku antena, lingine LAN linaenda ku ruta. Ruta njo inayotoa WiFi mu nyumba.

Shika hapo vizuri, kuna redio mbili tofauti. Moja iko dehors inaongea na mnara, ya pili iko mu salon inaongea na simu yako. Mtu akisema "intaneti imekufa" inaweza kuwa hii ao ile, na hazitengenezwi kwa dawa moja. Tutarudia hapo mbele.

Tofauti na modemu ya simu ni kwamba modemu inatembea na wewe, na mnara wa simu unahudumia kila anayepita njiani. Hapa antena yako imefungwa ku nguzo, inaangalia pahali pamoja mchana na usiku, kwa hiyo inashika sinyali ya mbali ambayo simu haiwezi kushika. Na satelaiti nayo ni kitu kingine kabisa. Zile satelaiti za zamani zinakaa kilomita karibu 36 000 juu yetu, neno lako kwenda na jibu kurudi vinakula zaidi ya nusu sekunde, njo maana mu simu mnaanza kukatana maneno, kila mtu anafikiri mwenzake amenyamaza. Starlink wamezishusha chini sana, kama kilomita 550, hapo muda unapungua mingi. Mnara wa ku mlima wa hapa uko kilomita 2, 3, pengine 5, kwa hiyo kipande cha hewani kinachukua milisekunde chache tu, kisha inategemea kampuni inakopeleka.

Milima yetu inasaidia na inaharibu

Wenzetu wa Lubumbashi wako ku tambarare, wanapandisha milingoti mirefu ili waone mbali. Sisi Mungu ametupa milingoti ya bure. Mnara ukiwa ku mlima wa Kadutu ao upande wa Bagira unaangalia nusu ya mji. Lakini mlima huo huo unaficha bonde lililo nyuma yake, unaweza kuwa na jirani wa mita 50 juu yako ku mteremko anapata kila kitu na wewe chini haupati hata harufu ya sinyali, na hakuna aliyekufanyia ubaya, ni udongo umekaa katikati.

Sasa kuna kitu wateja wengi hawaambiwi: kuuona mnara peke yake haitoshi. Sinyali haipiti kama uzi mwembamba, inapita kama muhogo, nyembamba ku ncha mbili na nene katikati. Huo unene tunauita zoni ya Fresnel, jina la mwanafizikia wa Ufaransa. Kwa hizi antena nyingi za gigahetsi 5 na kitu (gigahetsi ni kipimo cha wimbi la redio), kama mnara uko kilomita 2, ule muhogo katikati ya njia una mita 5 kutoka katikati yake mpaka ku ngozi. Kwa kilomita 5 unafika mita 8. Na tunataka angalau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi, yaani kwa kilomita 2 mita 3 hivi kila upande wa mstari wa macho, juu, chini, kushoto na kuume. Kwa hiyo kama unauona mnara lakini kwa kuchungulia mu nafasi kati ya paa la jirani na mti wa avoka, macho yanaona lakini sinyali inajikwaruza. Itafanya kazi, ila vibaya, na utakuwa mtu wa kulalamika kila wiki.

Miti njo adui mkubwa kuliko watu wanavyofikiria. Wimbi la gigahetsi 5 na kitu lina urefu wa kama sentimita 5, karibu kipimo cha jani, basi majani yanalitawanya na kulimeza, na yakiloa maji yanameza zaidi. Kuna mama moja wa Muhumba alinipigia akisema, "Mwanangu, wamenibadilishia ruta mara tatu, kila mvua ikinyesha intaneti inakufa, mimi nafikiri ni mvua ya huku kwetu njo mbaya." Nilimwambia, "Mama, mvua haina kosa, ngoja nipande." Nikapanda, nikakuta mti wa avoka wa jirani umekua umefika mbele ya antena. Siku walipofunga ulikuwa bado mdogo. Majani makavu yalikuwa yanaacha sinyali kidogo ipite, yakiloa yanafunga mlango. Jirani hakutaka kukata mti wake, na ana haki, avoka ni chakula, basi tukahamisha nguzo mita 4 mpaka pembe ingine ya paa tukaupita pembeni. Ruta ilibaki ile ile.

Mvua yenyewe ku gigahetsi 5 haifanyi kitu cha maana kwa kilomita hizi zetu. Ukikuta mvua inakukatia intaneti chunguza mambo mengine: majani, maji yaliyoingia ku kabo, umeme uliokatika ku mnara, ao ile njia ya mbali ambayo kampuni inapokelea, maana hizo wakati mwingine zinatumia mawimbi ya juu zaidi ambayo mvua kubwa inayapiga kweli. Kuna pia antena za gigahetsi 60, zina debi kubwa sana, yaani mbio, kwa umbali mfupi, ila hizo mvua inaziumiza, kwa mji unaonyeshewa kuanzia Septemba mpaka Mei mimi siziweki bila antena ya pili ya kupokezana.

Na ziwa. Wengi wanafikiri kupitisha sinyali juu ya maji ni rahisi kwa sababu hakuna kitu kinachozuia, kutoka peninsula moja kwenda ingine, tuseme Nguba na Labotte. Kumbe maji yanafanya kazi ya kioo. Sinyali moja inakuja moja kwa moja, ingine inapiga maji inarudi juu, zinafika ku antena zikiwa zimepishana kidogo, na zikigongana vibaya zinauana. Asubuhi ziwa likiwa limetulia ni hivi, mchana upepo ukipiga mawimbi ni vile, na mteja anaona intaneti inapanda na kushuka bila sababu. Dawa yake ni kubadilisha kimo cha antena, wakati mwingine kushusha mita moja inatosha, ao kuiweka nyuma kidogo ili ukingo wa paa ama ukuta wa chini uzuie ile inayotoka ku maji. Hapo usimkasirikie fundi akipanda akishuka mara tano, hiyo ni kazi ya kujaribu.

Siku ya kufunga

Kwanza usalama, nasema kwa moyo wote juu nimeona watu wanaanguka. Manjanja ikiloa inateleza kuliko udongo wa Kadutu mu Aprili, usipande wakati wa mvua wala mara baada ya mvua. Na angalia waya za SNEL, kampuni ya umeme, mu kartie zetu zinapita karibu na mapaa, nguzo ya chuma mkononi ikigusa ule waya hakuna wa kusimulia. Kama waya uko karibu, weka nguzo upande mwingine, hata kama pale sinyali ilikuwa nzuri zaidi.

Nguzo iwe ya chuma, ifungwe ku ukuta kwa bolti za nanga, usiifunge ku mbao za paa. Paa linatetemeka upepo ukipiga, na antena ya sahani inamulika kwa wembamba, digrii 8 ao 10 hivi, ikisogea kidogo tu imepoteza mnara. Jambo ambalo hata mafundi wengine wanalisahau hapa kwetu ni mwinuko. Mu mji wa tambarare unageuza antena kushoto na kulia basi. Hapa kama mnara umekuzidi mita 200 na uko kilomita moja na nusu, antena inatakiwa iangalie juu karibu digrii 8. Ukiiacha inaangalia mbele sawasawa unakamata paka pembe ya sinyali, alafu unasema kampuni ni mbaya. Geuza kwanza kushoto na kulia polepole mpaka upate namba nzuri, kaza kidogo, kisha inua na ushushe, kisha rudia tena, njo ukaze kabisa.

Namba yenyewe inaonyeshwa mu programu ya antena, na kila mteja ana haki ya kuiona, mwambie fundi akuonyeshe ku simu yake. Inaandikwa na alama ya kutoa, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya sinyali. Kadiri iko karibu na sifuri ndivyo sinyali ina nguvu. Kati ya -50 na -65 ni mzuri kabisa. -70 unaishi lakini kwa wasiwasi. -75 na kuendelea chini, usisaini karatasi ya kupokea kazi. Na usiseme "-60 na -70 ni karibu sawa", kila 10 unayopoteza nguvu imegawanywa kwa 10. Uliza pia kelele iko ngapi, yaani zile redio zingine za mji zinazoongea ku wimbi hilo hilo, juu hii gigahetsi 5 inatumiwa na wengi, kampuni, hoteli, watu binafsi, na ng'ambo ya Ruzizi kule Kamembe nako watu wana antena zao. Sinyali nzuri katikati ya kelele nyingi ni kama kuongea taratibu mu soko ya Kadutu saa sita. Fundi mzuri atabadilisha kanali ao atapunguza upana wake, debi itashuka kidogo lakini itatulia.

Wale wanaokaa chini kabisa ya mnara, msifikiri njo mko na bahati kuliko wote. Zile antena za mnara zinamulika mbali, mwanga unapita juu ya vichwa vyenu. Wakati mwingine ninyi njo munapewa sinyali ya pembeni, ama ina nguvu kupita kiasi mpaka inalevya redio, namba ya -35 ni kelele mu masikio ya antena, hapo fundi anapunguza nguvu.

Kabo sasa. Nunua kabo ya dehors, yenye ngozi nyeusi inayovumilia jua, na ndani iwe shaba ya kweli. Ku soko kuna kabo rahisi ambazo ndani ni aluminiumu iliyopakwa shaba juu, kwarua na wembe utaona weupe. Hizo zinapoteza umeme njiani na antena inajizima na kujiwasha usiku bila mtu kujua sababu. Urefu usipite mita 100 kutoka kiboksi mpaka antena. Pahali kabo inapoingia ku antena iangalie chini, na kabla haijaingia ku ukuta iache ifanye tumbo, yaani ishuke chini kidogo kisha ipande kuingia, ili maji yadondoke ku lile tumbo yasifuate kabo mpaka mu salon. Kitu kidogo sana, hakina bei, na nusu ya kazi mbaya nilizorekebisha zilikuwa hazina lile tumbo.

Kile kiboksi cha umeme kikiharibika usiweke chochote kinachofanana. Kuna vya volti 24 na kuna vya volti 48, na antena ya 24 ukiipa 48 inaweza kuungua palepale. Soma nyuma yake, andika ku karatasi, bandika ku ukuta.

Radi

Hapa naomba msome polepole. Watafiti waliohesabu radi za dunia nzima kwa data za satelaiti walitoa orodha mu mwaka 2016, ya kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela, ya pili wakaandika Kabare, ya kwetu hii Kongo, radi kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi wa Bukavu hatuhitaji satelaiti kujua hiyo, lakini ni vizuri ujue kwamba unaweka chuma juu ya paa mu sehemu ya dunia inayopigwa kuliko karibu zote.

Nguzo lazima iwe na waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka ku fimbo ya chuma iliyozamishwa mu udongo, mafundi wanaita tere. Na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme ku kabo, kabla haijaingia mu nyumba, nacho kiunganishwe ku tere hiyo hiyo. Antena isiwe ncha ya juu kabisa ya nyumba kama unaweza kuepuka. Hiyo yote haizuii radi ikianguka moja kwa moja juu yako, lakini nyingi zinazounguza vifaa zinaanguka karibu tu na zinatuma mshtuko mu kabo, hizo tere inazipunguza. Ukisikia inakaribia chomoa kiboksi ku prizi na uchomoe pia kabo kati ya kiboksi na ruta, maana kuchomoa prizi peke yake kunaacha njia ya kabo wazi. Fanya mapema, ikishafika juu ya nyumba usiguse tena kitu. Mteja moja alipoteza antena, ruta, kompyuta ya biro na kamera zote usiku moja, juu vyote vilikuwa vimeshikana kwa kabo kama watu wameshikana mikono.

Delestaji

Delestaji, yaani umeme ukikatwa, isikutishe, hivi vifaa havili umeme mingi. Antena kama wati 8, ruta kama wati 10, pamoja 18. Betri ya volti 12 na amperi-saa 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya asidi usiikamue kupita nusu, inabaki 300, gawanya kwa 18 unapata masaa 16, toa hasara za njiani weka 12. Usiku mzima! Kuna pia viboksi vidogo vyenye betri ndani vinavyotoa volti 12 ao 24 moja kwa moja bila kupitia onduleri, hivyo ni bora, juu onduleri yenyewe inakula. Ila SNEL ikikata ku mlima kwenye mnara na kampuni haina betri nzuri, betri yako itamulika ruta bure. Waulize kabla: mnara wenu unashika masaa ngapi bila umeme? Wakianza kuzungukazunguka na maneno, umeshajibiwa.

Sasa njo tuongee mega

Mega wanazokuuzia ni megabiti kwa sekunde. Faili unazoona ku simu ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo abonema ya mega 8 inakushushia megabaiti moja kila sekunde, faili ya giga moja inachukua kama dakika 17 ukiwa peke yako. Watu wanaona hivyo wanasema wameibiwa, hapana, ni hesabu. Video nzuri ya HD inataka kama mega 5, kuongea kwa video kunataka mega moja ao mbili. Familia ya watu 5 na mega 10 zinazotulia wanaishi vizuri.

"Zinazotulia" njo neno la kuuliza. Ku nyumba za kawaida mega zinagawanywa, wateja 8 ao zaidi wanaweza kuwa wameuziwa mega zile zile, kampuni inategemea kwamba hamtatumia wote dakika moja, na mchana ni kweli, saa mbili ya usiku kila mtu amerudi nyumbani si kweli tena. Ukiona asubuhi inakimbia na usiku inatambaa na namba ya dBm haijabadilika, njia yako ni nzuri, shida ni kugawana.

Kwa biashara uliza laini isiyogawanywa, ni ghali lakini ni yako. Na angalia mega za kupandisha, wengi wanaangalia za kushusha tu. Siber inayotuma dosie za watu, klinike inayotuma picha, redio inayorusha sauti ku intaneti, biro yenye kamera za ulinzi unazotaka kuangalia ukiwa Goma, wote hao wanapandisha. Kwa hizo kamera uliza pia anwani ya IP ya kudumu, yaani namba ya laini yako ku intaneti isiyobadilika. Na mtu ambaye biashara yake inasimama intaneti ikisimama, awe na njia ya pili kutoka kampuni ingine ku mnara mwingine, hata ndogo, hata modemu ya simu. Njia mbili zinazopita ku mnara mmoja ni njia moja.

Kontra iandikwe: mega ngapi za chini kabisa, wanakuja kutengeneza ndani ya masaa mangapi, antena ni ya nani ukiacha, na kuhamisha antena kunalipwa na nani. Hiyo ya mwisho usiiache. Uliza pia kama kampuni ina ruhusa ya ARPTC, njo mamlaka inayosimamia mawasiliano mu Kongo yetu, juu asiye na ruhusa siku akifungiwa hautamkuta ofisini.

Ikikatika, tafuta wapi

Usianze kwa kuzima na kuwasha kila kitu kwa hasira. Chukua kompyuta, ichomeke ku ruta kwa kabo, zima WiFi yake, kisha pima ku fast.com ao speedtest.net. Kwa kabo ni nzuri na kwa WiFi ni mbaya? Shida iko mu nyumba, acha kuwatukana watu wa mnara. Ruta imefichwa nyuma ya televisheni, ama kuna kuta tatu za matofali kati yako nayo, ama iko ku gigahetsi 2.4 na majirani wote wako kanali moja. Pale kuna kanali tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, jaribu zote, ao hamia WiFi ya gigahetsi 5 kama ruta inayo na uko chumba kimoja nayo.

Kwa kabo nayo ni mbaya? Andika ping -t 8.8.8.8 mu kompyuta ya Windows, ku dirisha la amri (cmd), ile ni anwani ya Google, acha izunguke dakika mbili. Namba za muda wa jibu, kwa milisekunde, zikiruka kutoka 40 kwenda 900 kisha zinarudi, ama mistari mingine inapotea, angalia dBm ya antena. Kama imeshuka kuliko siku ya kufunga, antena imesogea, maji yameingia, ao kuna kitu kimeota mbele yake. Kama haijashuka, piga simu ku kampuni na uwape namba zote mbili, dBm na ping, na saa uliyopima. Mtu akipiga akisema "iko nazungukazunguka tu" anaambiwa azime na kuwasha. Mtu akisema "tangu saa kumi na mbili jioni niko -61, ping inaruka mpaka 900", anapewa teknisie.

Na kwa hiyo siku ya kufunga, fundi kabla hajashuka, mwambie asimame nyuma ya antena apige foto kuelekea mnara, na foto ingine ya ile namba ya dBm. Ziweke ku simu na ujitumie ku WhatsApp zisipotee. Kila miezi sita piga ingine kutoka pale pale. Mteja wangu moja wa Nyawera alifanya hivyo. Foto ya kwanza mnara uko wazi, -58. Ya pili kuna nguzo za beto zimechomoza ku parseli ya chini, -63. Ya tatu etaji ya pili imefika, mnara unaonekana nusu, -71, na wajenzi walikuwa bado wanapandisha matofali. Hakungoja etaji ya tatu, tulihamisha antena yake ikaangalia mnara mwingine wa upande wa Bagira, Jumamosi moja asubuhi, na Jumatatu biro yake ilifungua kama kawaida.